Vichwa vya nyati na tandala vya marehemu mzee vinanyonyoka. Ni wadudu, unyevu, au fundi alilipua kazi?

#1 Mdigo wa Chumbageni
Wakuu, salaam.

Marehemu baba alikuwa bwana nyama, kazi kaifanya zaidi upande wa Manyoni na Rungwa. Alipostaafu alibaki na vichwa viwili vya ukutani: nyati dume na tandala mkubwa, vyote vya miaka ya 80, na karatasi zake zenye muhuri zipo (nasema mapema kabla hamjanipeleka gereza la Maweni).

Vilikaa sebuleni Dodoma miaka yote hiyo bila neno. Mzee alipofariki, mama akahamia kwangu Tanga na vichwa vikaja naye. Sasa tangu masika iliyopita tandala ananyonyoka. Ukipitisha mkono shingoni, manyoya yanabaki kiganjani na mizizi yake. Nyuma ya sikio la kushoto pameshakuwa kipara cha ukubwa wa kisahani. Sakafuni kila asubuhi kuna unga wa rangi ya mchanga. Nyati manyoya anayo, ila ngozi imepasuka konani mwa jicho na pembeni mwa mdomo, hadi unaona kitu cheupe kwa ndani.

Mama anasema vichomwe moto, vinamletea ndoto. Mdogo wangu anasema vipigwe vanishi. Mimi sitaki kuvipoteza. Mwenye ujuzi aseme: kinachovila ni nini, na vinatunzwaje?

#2 Kipara wa Keko
Mnakaa na mzoga ukutani miaka arobaini halafu mnashangaa unaoza. Zika, soma dua, nunua saa ya ukutani.

#3 Ngosha Mtulivu
Hao ni nondo. Chukua vidonge vya naftalini, weka ndani ya soksi, ning'iniza nyuma ya kichwa. Mwezi mmoja tu wamekwisha. Uzi ufungwe.

#4 Stoo ya Zamani
Ngosha, uzi usifungwe bado. Nondo wa nguo akila manyoya anaacha utando, nyuzi nyembamba za hariri zilizogandamana na manyoya yenyewe. Mleta mada hajataja utando. Kataja unga wa rangi ya mchanga na kipara kinachoanzia sehemu ya giza nyuma ya sikio. Mimi nimefanya kazi stoo za makumbusho, na hapo namshuku mbawakawa wa ngozi.

Halafu elewa kwamba anayekula si mbawakawa mwenyewe, ni mtoto wake: buu dogo la kahawia lenye vinyweleo mwili mzima. Likikua linajivua, kwa hiyo utakuta maganda matupu mengi kuliko mabuu. Mkubwa akishapevuka anataka chavua ya maua huko nje. Ndiyo maana unamkuta amekufa kwenye kingo za dirisha, alikuwa anafuata mwanga.

Mdigo, leo usiku tandika karatasi nyeupe chini ya kila kichwa. Kesho chukua tochi, panua manyoya nyuma ya masikio, kagua mshono wa nyuma ya shingo na matundu ya pua. Usipulize dawa yoyote kwanza, na usishike kwa mikono mitupu. Sababu ya glavu nitaieleza.

#5 Ngosha Mtulivu
Sawa mwalimu. Ila naftalini haichagui, inaua nondo na huyo binamu yake.

#6 Stoo ya Zamani
Ndani ya sanduku lililozibwa, inasaidia. Ukutani sebuleni mvuke wote unaondoka na upepo, na sehemu inayobaki inaingia kifuani kwa mama. Wadudu wanaendelea kula.

#7 Fundi Ngozi Njiro
Watu mnakimbilia wadudu. Mimi nimeshika kisu kwenye karakana ya kukausha wanyama hapa Arusha, na neno lililonishtua kwenye #1 ni "na mizizi yake". Buu linakata unywele, haliung'oi. Unywele ukitoka mzima na mzizi, ngozi yenyewe imelegea.

Mnyama akidondoka porini, ngozi isipovuliwa na kutiwa chumvi haraka, bakteria wanaanza kazi. Hasa mdomo, masikio na kope, maana pale ngozi imejikunja mara mbili, na sikio lina gegedu ndani. Sikio lisipogeuzwa nje-ndani na chumvi ikafika mpaka nchani, manyoya ya pale hayakai. Na kaangalie kipara kimeanzia wapi: nyuma ya sikio. Huyo fundi wa miaka ya 80 alilipua.

Roosevelt alipokuja kuwinda huku alibebesha wapagazi tani nne za chumvi kwa ajili ya ngozi tu. Rais mzima wa Marekani anajua thamani ya chumvi, sisi tunaweka kikombe kimoja.

#8 Mzee wa Magazeti
Fundi, Roosevelt hakuwa rais alipokuja. Alitoka madarakani Machi 1909, akashuka Mombasa Aprili. Za chumvi ni kweli, ilikuwa msafara wa kukusanya sampuli za makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

#9 Tomaso Asiyeamini
#7 una hoja ila haijibu swali. Ngozi iliyochelewa chumvi ingenyonyoka mwezi wa kwanza, tena hukohuko karakanani. Hii imekaa Dodoma miaka arobaini na kipara hakikuwepo. Fundi wa zamani anaweza vipi kulipua kazi leo?

#10 Fundi Ngozi Njiro
Anaweza, soma taratibu. Zamani wengi hawakuitengeneza ngozi kama ngozi ya kiatu. Walitia chumvi, wakapaka shabu, wakaivalisha kwenye umbo la ndani, ikakauka. Kama chumvi haikuoshwa vizuri imebaki mle ndani. Chumvi hiyo Dodoma haina shida kwa sababu hewa ya kule ni kavu. Ilete Tanga wakati wa masika: chumvi inavuta maji kutoka hewani, ngozi inalainika, inavimba, na manyoya yanalegea.

Kuna na mafuta. Mafuta yasipokwanguliwa upande wa ndani, yanageuka tindikali polepole na kuichoma ngozi kwa miaka na miaka. Ikifika hapo inachanika kwa kidole. Hakuna dawa ya kuirudisha.

#11 Mama wa Mabanda ya Papa
Mdigo mwanangu, pole na msiba. Una kiyoyozi hapo sebuleni?

#12 Mdigo wa Chumbageni
Shikamoo mama, ahsante. Kipo. Mchana kinawashwa, usiku kinazimwa kwa ajili ya umeme. Nyati yuko karibu nacho.

#13 Mama wa Mabanda ya Papa
Marahaba. Basi nyati wako hana mdudu. Mchana unamkausha, usiku unamlowesha. Ngozi inajikunja na kujikunjua kila siku juu ya kitu kigumu kisichojikunja nayo. Itapasuka pale ilipovutwa zaidi, na panapovutwa ni pembeni mwa jicho na mdomoni. Baba wa wanangu alikuwa na kichwa cha mbuni, sijui palahala, kilipasuka hivyohivyo tulipoweka kiyoyozi.

#14 Kipara wa Keko
Mama, mbuni na palahala hawafanani hata gizani 😂

#15 Mama wa Mabanda ya Papa
Kilikuwa na pembe. Tuendelee.

#16 Stoo ya Zamani
Mama yuko sahihi kwa nyati. Kinachopasua ni kupanda na kushuka kwa unyevu, kuliko wingi wake. Makumbusho mengi hulenga unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na ikizidi 65 hivi kwa muda mrefu ukungu unaanza. Kwa Tanga kupata 50 bila mashine ni ndoto, kwa hiyo afadhali ukutani pasipobadilikabadilika: ukuta wa ndani wa nyumba, usiopigwa jua, mbali na kiyoyozi, mbali na jiko. Acha upenyo nyuma ya kichwa hewa ipite. Ukuta wa nje unaolowa mvua ni adui.

#17 Bibi wa Amboni
Mnazungumza unyevu, mnazungumza chumvi. Mama mwenye nyumba anaota, na hamjamuuliza anaota nini. Wawindaji wa zamani hawakumchukua mnyama mkubwa hivihivi, kulikuwa na maneno ya kusema na vitu vya kufanya. Bwana nyama wa serikali alifanya? Mzee kaondoka, ulinzi umeondoka. Leteni mtu wa kusoma hapo ndani.

#18 Tomaso Asiyeamini
Bibi, mbona jini wako anaacha unga wa rangi ya mchanga?

#19 Bibi wa Amboni
Na wewe jina lako mbona limekufaa.

#20 Ndugu wa Kisutu
Nyie jadilini wadudu, mimi nawaza pingu. Mdigo, karatasi ina jina la nani?

#21 Mdigo wa Chumbageni
La baba.

#22 Ndugu wa Kisutu
Nilijua. Sikiliza. Zile karatasi zilitoka enzi za sheria ya 1974. Sasa tuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kifungu cha 86 kinahusu kukutwa na nyara za serikali isivyo halali. Watu wamepigwa miaka 20 kwa kifungu hicho. Kuwa mtoto wa marehemu hakukufanyi mmiliki. Beba hati za mzee, beba barua ya usimamizi wa mirathi, nenda ofisi ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, umiliki uhamishwe kwa maandishi. Fanya hivyo kabla hujakipakia kichwa kwenye gari kwenda kwa fundi yeyote. Ukisimamishwa Segera na kichwa cha nyati kwenye buti, kumweleza askari habari za mbawakawa hakutakusaidia.

#23 Ngosha Mtulivu
Lakini nyati na tandala si wanyama wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, acha kutisha watu.

#24 Ndugu wa Kisutu
Hawamo CITES, kweli. Hiyo ni habari ya kuvuka mipaka ya nchi. Humu ndani wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Rais, hata swala. Usimpeleke mwenzio jela kwa kujua nusu.

#25 Mwana Voi
Jirani zenu hapa Kenya tunawasoma tukicheka. Kwetu uwindaji wa starehe ulikatazwa 1977, biashara ya nyara 1978, kwa hivyo hizi shida za vichwa ziliisha na wazungu wa shamba. Ila kwa hoja ya fundi: kazi nzuri inakaa. Simba wawili wa Tsavo waliokula wafanyakazi wa reli waliuawa Desemba 1898 na kukaushwa, na mpaka leo wamesimama Chicago. Zaidi ya karne! Wenu miaka arobaini tu wameanza kunyonyoka.

#26 Dada wa Chicago
Mwana Voi, nimewaona kwa macho na mfano wako unakupiga mwenyewe. Patterson, yule mhandisi wa reli aliyewaua, hakuwakausha wakasimama. Aliwafanya mazulia. Miaka kama 25 ngozi zile zilikuwa sakafuni zinakanyagwa, mpaka Field Museum, makumbusho ya hapa Chicago, ilipomuuzia... samahani, ilipozinunua kwake mwaka 1924 kwa dola 5,000. Mafundi wa makumbusho wakapewa ngozi zilizochakaa na kukatwakatwa, ndipo wakatengeneza simba wa kusimama. Ndiyo maana ukiwaona pale ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Watu wanasimama mbele ya kioo wanauliza, "Ni hawa hawa kweli?" Hawana hata manyoya shingoni, ingawa ni madume.

Na wako nyuma ya kioo, hakuna mtu wa kupitisha mkono.

#27 Mwana Voi
Sawa dada, mazulia. Lakini ngozi iliyokanyagwa miaka 25 bado ipo, ya tandala wa Mdigo iliyoning'inizwa tu imeisha. Hoja yangu inapata nguvu!

#28 Mzee wa Magazeti
Kuhusu hao hao simba: 2024 watafiti walichapisha matokeo ya nywele zilizokuwa zimegandamana kwenye matundu ya meno yao yaliyovunjika. DNA ikaonyesha twiga, pundamilia, nyumbu, choroa, kuro, na binadamu. Karne nzima imepita. Kwa hiyo Mdigo, usimpige mswaki nyati wako.

#29 Mkulima wa Kabuku
Mnazunguka mno. Kuna vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani. Kichwa ndani ya mfuko wa nailoni, vidonge viwili, funga, acha siku tatu chumbani. Hakuna kiumbe kinachobaki.

#30 Stoo ya Zamani
HAPANA. Wote mliosoma #29, msifanye. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Hakuna kiumbe kinachobaki, na mama yake Mdigo ni kiumbe. Familia zimeangamia kwa sababu gunia lilikuwa chumba cha pili. Mfuko wa nailoni hauzuii gesi hiyo, na nyumba ya makazi si ghala. Mods mkiweza wekeni onyo juu ya post ile.

Na sasa nieleze habari ya glavu. Mafundi wa zamani, kuanzia Ulaya karne ya 18, walipaka upande wa ndani wa ngozi sabuni yenye aseniki ili wadudu wasiguse. Sehemu nyingine walitumia zebaki. Mtindo huo haukuisha jana, kuna waliotumia aseniki mpaka miaka ya 1980. Ukiona chembe nyeupe kwenye shina la manyoya, kuzunguka macho, au kwenye mshono, usizipulize, usizinuse. Glavu, barakoa, watoto nje, fagio marufuku. Ukitaka uhakika, sampuli ndogo ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mdigo, hii ndiyo sababu nyingine ya kumkatalia mama kuchoma. Moshi wa ngozi yenye aseniki ni sumu kwa mtaa mzima.

#31 Tomaso Asiyeamini
Kumbe! Basi nina nadharia yangu. Ikiwa ngozi ilipakwa aseniki, wadudu wasingeigusa. Wameigusa, kwa hiyo haina aseniki, kwa hiyo glavu za nini?

#32 Stoo ya Zamani
Aseniki ilipakwa kwenye ngozi kwa ndani, si kwenye ncha za manyoya. Na fundi mmoja alipaka kichwa kizima, mwingine alipaka alipofikia. Nimeona ndege waliojaa aseniki tumboni na wameliwa mabawa.

#33 Kipara wa Keko
Niliposema "zika" mlinicheka.

#34 Mvuvi wa Deep Sea
Mie ningeanika juani. Jua la Tanga la saa saba halibakizi mdudu.

#35 Fundi Ngozi Njiro
Na ngozi halibakizi. Itajikunja, mshono utafunguka, rangi itapauka. Na buu likiona joto linazama ndani zaidi kwenye kivuli. Kwa mkeka wa kulalia sawa, kwa kichwa cha tandala hapana.

Kama kweli ni wadudu (bado sijakubali kwa asilimia zote) dawa ni baridi, si joto. Funga kichwa kwenye nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa selotepu kila tundu, weka kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukitoa USIFUNGUE mfuko siku hiyohiyo. Acha upate joto la chumba kwanza siku nzima, ili umande utue nje ya mfuko na si kwenye manyoya.

#36 Ngosha Mtulivu
Friza la nani linaingiza pembe za tandala? Zile zinafika mita na ushee.

#37 Mvuvi wa Deep Sea
Kuna vyumba vya baridi vya samaki. Au bucha.

#38 Mama wa Mabanda ya Papa
Bucha gani atakayekubali kichwa cha miaka ya 80 kining'inie karibu na maini ya leo? Tena chumba cha bucha ni cha kupoza tu, hakigandishi. Mdudu atasinzia, atoke na hamu ya kula. Labda wenye vyumba vya kugandisha samaki wa kusafirisha, na hapo uwe na mdomo mtamu na karatasi za Ndugu wa Kisutu mkononi.

#39 Stoo ya Zamani
Pembe nyingi za jamii ya swala na nyati zinachomoka. Nje ni ala, kitu kilekile cha kucha, ndani kuna mfupa. Kama fundi alizivua akachemsha mfupa na kurudishia, mtaalamu anaweza kuzivua tena na kichwa kikaingia kwenye friza la kawaida. Usijaribu kuvuta mwenyewe.

#40 Laizer wa Longido
Hodi. Mmetaja pembe, hakuna aliyeuliza kama pembe zenyewe zina matundu. Sisi huku porini ukikuta fuvu la nyumbu au mbuzi limekaa muda, pembe zinaota vibomba vya udongo kama vidole. Ni viwavi vya nondo fulani, chakula chao ni pembe na kwato tu. Ukivunja kile kibomba ndani kuna kiwavi. Mdigo angalia pale pembe inapoingia kwenye manyoya.

#41 Ngosha Mtulivu
NONDO. Nilisema nondo tangu #3.

#42 Stoo ya Zamani
Nondo mwingine kabisa, Ngosha, hana shida na shingo ya tandala. Ila Laizer amesema kweli, wapo, na Afrika ndiyo kwao.

#43 Ngosha Mtulivu
Nondo ni nondo.

#44 Sauti ya Kikwajuni
Kwa pembe, bibi yangu alikuwa anapaka mafuta ya nazi. Zinang'aa mpaka unajiona.

#45 Fundi Ngozi Njiro
Zinang'aa wiki moja. Halafu mafuta yanachacha, yanashika vumbi, yananata, na mende wanakuja kulamba. Vanishi pia hapana, itafanya pembe ionekane plastiki na itabanduka magamba. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, basi. Macho ya kioo safisha kwa pamba ya masikio iliyoguswa maji. Manyoya futa kufuata yalikolala, kutoka puani kwenda shingoni. Ukitumia mashine ya kufyonza vumbi, funga kipande cha chandarua mdomoni mwa bomba na uweke nguvu ya chini, la sivyo utafyonza masharubu. Lakini kwa kichwa cha zamani kama hiki, mpaka habari ya aseniki ijulikane, mashine isiguse. Itarusha sumu chumba kizima.

#46 Mdigo wa Chumbageni
Wakuu nimerudi. Nimevaa glavu na barakoa, nikamshusha tandala kwa msaada wa mdogo wangu (mzito!). Majibu yenyewe:

Karatasi ya chini ya tandala ilikuwa na unga, na ndani yake maganda ya kahawia yenye vinyweleo, mengi. Buu hai nimeona moja tu, ndani ya sikio. Utando hamna.

Tunduni mwa pua ya kulia kuna kiota cha udongo cha nyigu, kikavu, na kingine nyuma kwenye ubao. Nilipokigusa kikavunjika, ndani buibui waliokauka.

Kwenye mshono wa shingo kuna chembe nyeupe. Sikuzinusa. Ngozi ya hapo ukibonyeza inarudi polepole, ina ubaridi, kama haijakauka sawasawa.

Pembe hazina vibomba. Nyati hana mdudu wala maganda. Kile cheupe kwenye mpasuko ni plasta ya umbo la ndani.

#47 Stoo ya Zamani
Hapo kesi imekwisha. Maganda, unga, hamna utando. Na viota vya nyigu ndiyo jiko lao: nyigu analeta buibui kulisha watoto wake, mabaki yanabaki, mbawakawa wa ngozi anaingia kula maiti hizo, akimaliza anahamia kwenye manyoya. Toa viota vyote, hata vya kwenye dari.

#48 Fundi Ngozi Njiro
Kesi haijaisha. "Ina ubaridi, haijakauka sawasawa" umeisoma? Hiyo ni chumvi inavuta maji, na chembe nyeupe zinaweza kuwa chumvi hiyohiyo inayotoka nje. Buu MOJA hai haliwezi kumaliza shingo nzima. Ngozi ililegea kwanza, mdudu akaja kuokota.

#49 Tomaso Asiyeamini
Au ni shabu. Au aseniki. Mnabishana rangi nyeupe.

#50 Stoo ya Zamani
Maganda mengi, buu moja: maana yake wengine wameshakua na kuruka. Watarudi kutaga.

#51 Fundi Ngozi Njiro
Au maganda ni ya Dodoma, ya zamani, yametikiswa na lori.

#52 Mama wa Mabanda ya Papa
Mdigo, wakati hawa mafundi wanagombana, mfunge tandala kwenye nailoni leo, umtenge na nyati, na nyati mhamishe kutoka hapo kwenye kiyoyozi. Hayo mawili hayana ubishi. Mpasuko wa jicho usiujaze chochote mpaka unyevu utulie, ukiziba sasa utapasukia pembeni.

#53 Ndugu wa Kisutu
Na mirathi.

#54 Mdigo wa Chumbageni
Ahsanteni wote. Nyati nimemhamishia koridoni. Tandala yuko kwenye nailoni chumba cha nje, nimeongea na jamaa mmoja wa samaki, kasema nimletee hati kwanza aone. Kuhusu zile chembe nitafuata njia ya Mkemia. Mama nimemwambia habari ya moshi wa sumu, kanyamaza, ila ndoto anasema zimepungua tangu tandala atoke sebuleni.

#55 Bibi wa Amboni
😌

#56 Mzee wa Magazeti
Mkuu, mkimaliza msije mkajisifu mtandaoni kuwa mna nyara nyumbani. Uingereza 2011 wezi walivamia makumbusho ya Tring usiku wakavunja na kuondoka na pembe za faru. Zilikuwa za bandia, makumbusho walishazibadilisha.

#57 Kipara wa Keko
Hao wezi nawaonea huruma kuliko faru.

#58 Sauti ya Kikwajuni
Samahani kudandia uzi. Babu yetu alikuwa na sulisuli mkubwa ukutani, alimvua mkondo wa Pemba na wazungu. Rangi imeanza kubanduka kwenye pezi la mgongoni. Naye ana mbawakawa?

#59 Fundi Ngozi Njiro
Mgonge ubavuni kwa kidole. Samaki wengi wa ukutani wa aina hiyo ni faiba iliyomwagwa kwenye umbo na kupakwa rangi, hakuna ngozi wala nyama mle. Akilia kama ndoo tupu, tafuta mpaka rangi wa magari. Akitoa sauti nzito weka picha hapa, na fungua uzi wako.